Kuvunja sakafu ya besmenti kuweka njia ya maji ya bathtabu, trapu lazima?

Mjenzi_Mpya:
Wakuu habari zenu. Nina chumba cha chini ya nyumba nataka kukigeuza bafu, bathtabu ninayo tayari imeegemea tu ukuta. Sakafu ni zege, pale ninapotaka kuiweka hakuna paipu iliyoachwa, ila choo kipo mita 2 na nusu kutoka hapo na kinaenda vizuri. Fundi wa kwanza anasema tuvunje tuunge paipu ya inchi 1 na nusu moja kwa moja kwenye ya choo, trapu (ule mkunjo wa paipu unaobaki na maji) haina haja eti kwa vile zege litafunika harufu. Wa pili anakataa kabisa. Naomba walioshafanya hii kazi wanisaidie kabla mtu hajashika nyundo.

BombaNaMaji:
Wa pili ndo yuko sahihi mkuu. Harufu haipiti kwenye zege, inapita ndani ya paipu hiyohiyo na kutokea kwenye tundu la bathtabu. Yale maji yanayobaki kwenye mkunjo wa trapu, sentimita 5 hivi na kuendelea, ndo kizuizi pekee ulichonacho. Na sio harufu tu, gesi ya maji taka ina methani, na chumba cha chini hewa haizunguki vizuri, hilo usilichukulie poa hata kidogo.

Halafu usisahau venti. Bila paipu ya hewa inayopanda ukutani kutoka kwenye laini ya bathtabu baada ya trapu, choo kikiflashiwa kinaweza kufyonza maji yote ya trapu na umerudi palepale.

Swali langu: hicho choo maji yake yanashuka yenyewe au yanasukumwa na pampu? Na paipu yake iko kina gani?

Mjenzi_Mpya:
Yanashuka yenyewe. Nimefungua mfuniko wa kusafishia nikashusha futi, juu ya paipu ni sentimita 38 kutoka usawa wa sakafu.

BombaNaMaji:
Hapo uko vizuri. Mteremko weka sentimita 2 kwa kila mita, kwa hiyo mpaka kwenye choo unapoteza sentimita 5, trapu inaenea bila shida. Ungekuta paipu kuu inatokea ukutani juu ya sakafu ningekwambia tafuta tangi na pampu. Ungia kwa kiungio cha umbo la Y, sio T, na paipu bora iwe ya inchi 2, ikishafukiwa huwezi kuibadilisha.

ZegeNaNondo:
Naongezea kitu kilichonigharimu mimi mwenyewe, niliweka paipu safi nikamwaga zege mpaka shingoni mwa paipu, siku ya kuweka bathtabu tundu lake likakaa sentimita 4 pembeni ikabidi nivunje tena zege ambalo halina hata wiki mbili. Kwa hiyo ukirudishia zege acha boksi la wazi kama sentimita 30 kwa 30 kuzunguka hapo paipu inapopanda, jaza mchanga, zege lisiingie, ndo utapata nafasi ya kuunga vizuri. Paipu ilale kwenye mchanga ulioshindiliwa, mawe yasiiguse. Nailoni ya kuzuia unyevu iliyo chini ya zege ukiikata weka kipande kipya kilale juu ya ile ya zamani pande zote ugundishe, wengi wanairuka hiyo halafu wanashangaa sakafu inatoa maji. Na kabla ya kufukia jaza paipu maji uache usiku kucha, kama yameshuka asubuhi tafuta panapovuja.

Kabla ya kukata hakikisha zege halina zile nyaya za chuma zilizovutwa kwa mkazo kuimarisha zege, ukikata moja inaweza kuua mtu. Kama hujui, mtafute mwenye kifaa cha kuchunguza.

Mjenzi_Mpya:
Asanteni sana, fundi wa pili anaanza wiki ijayo. Moja la mwisho, laini ya nje ikiziba si uchafu utapanda kwenye bathtabu?

BombaNaMaji:
Ndiyo, tundu la chini kabisa ndo linaanza kutapika. Weka valvu ya kuzuia maji kurudi, iwe baada ya bathtabu na choo kuungana, na iwe na mfuniko wa kuifungulia uisafishe. Ila maji ya vyoo vya juu yasipite kwenye hiyo valvu, yaungane mbele yake upande wa kutoka nje, la sivyo ikijifunga na mtu akaflashi juu maji yanaibukia kwako chini.

Mjenzi_Mpya:
Nimeelewa, nitampa fundi hii yote aisome kabla hajaanza kukata.