Simplex au Equinox kwa udongo mwekundu? Nisaidieni kabla ya Ijumaa

Kijana wa Bombo
Salaam wakuu. Binamu yangu anarudi kutoka Dubai Ijumaa na amekubali kunibebea detekta ya metali ya kutafutia vitu vya kale. Nimebaki na mbili: Nokta Simplex+ na Minelab Equinox 800. Nichukue ipi?

Fundi Kakira
Una shilingi ngapi? Utapita shamba la nani? Unatafuta nini hasa? Bila hayo tutakupigia ramli tu.

Kijana wa Bombo
Samahani. Nina milioni mbili, nikijikaza tatu. Natafuta sarafu za zamani: rupia, na zile senti za kikoloni zenye tundu katikati. Nawaza pia kwenda Patiko, ile ngome ya zamani karibu na Gulu.

Fundi Kakira
Basi Equinox. Inatuma mawimbi ya masafa kadhaa kwa pamoja, kwa hiyo inavumilia udongo wetu wenye chuma. Simplex ina masafa moja, kilohezi 12.

Amooti
Simplex inatosha! Ina kusawazisha udongo, yaani unaifundisha ipuuze madini ya udongo, na haiogopi maji mpaka mita 3. Pesa inayobaki nunua koleo nzuri na koili ndogo, kile kisahani cha chini kinachonusa metali.

Mama Lakwena wa Gulu
Kijana, Patiko iondoe kichwani. Ni mahali pa kumbukumbu, huchimbi bila kibali cha Wizara ya Utalii, Wanyamapori na Mambo ya Kale. Sisi Waacholi tuna watu wetu waliouawa pale.

Ssalongo
Mimi nina ya kusimulia. Nilinunua Garrett ACE 400 kwa muuzaji mmoja mjini, akaniapia inafaa udongo wowote. Haina kusawazisha udongo kwa mkono. Kule kwa babu, Luwero, ililia kila hatua kama mbuzi aliyefungwa juani. Siku tatu nikaokota vizibo vya soda na vipande vya mabati. Siku ya nne ikalia kwa uthabiti, chini ya mti wa kahawa. Nikachimba kwa pupa, jembe likagonga kitu kirefu chenye kutu na mapezi nyuma. Bomu la mota, la vita vya msituni. Nililala kifudifudi, bibi ananiita nikale chakula, nami naogopa hata kumjibu. Polisi walilizungushia utepe, na hatukuvuna kahawa ya upande ule mpaka wanajeshi walipolichukua. Mashine nilirudisha, muuzaji akakataa. Kwa hiyo kabla ya bei, uliza vita vilipita wapi.

Amooti
Pole sana, Ssalongo. Lakini angetenga chuma kwenye mashine, isilie kwa chuma...

Mwanafunzi wa Makerere
Ukizima chuma umezima misumari na vichwa vya mikuki. Little Bighorn, uwanja wa vita vya zamani Marekani, mwaka 1984, wanaakiolojia walipita na detekta, wakapima kila ganda la risasi lilipolala ndipo wakalitoa. Hivyo walijua askari walisimama wapi. Ganda lililo mfukoni mwako halisemi kitu.

Fundi Kakira
Sawa, lakini Patiko si ya Baker, yule mpelelezi Mwingereza?

Mama Lakwena wa Gulu
Baker aliingia na jeshi lake 1872. Wafanyabiashara wa watumwa walikuwa wameshaitumia kabla yake. Acheni kuiita ya Baker.

Amooti
Ngome ni yake, mama, aliijenga.

Mama Lakwena wa Gulu
Miamba aliikuta.

Kijana wa Bombo
Nimesikia, mama, Patiko siendi. Shamba la marehemu baba linapakana na barabara ya zamani, nitaanzia hapo. Binamu anataka jibu leo usiku. Amooti, hiyo koili ndogo inauzwa peke yake?