Mrejesho: Tiketi za tamasha la Kisumu

Habari zenu. Niliuliza kama kuuza tiketi yangu ya tamasha la Mamboleo ni kosa, kwa kuwa shemeji alikuwa na harusi Kakamega siku hiyohiyo.

Wakili aliyenisaidia alianza na masharti ya tiketi. Tiketi ni mkataba. Yangu, kwa maandishi madogo chini kabisa, ilikataza kuuzwa bila idhini ya waandaaji. Ukikiuka, wanaweza kuifuta na mnunuzi azuiliwe langoni. Wale wanaouza tiketi moja kwa kutuma picha ya msimbo wake, ule unaokaguliwa langoni, kwa watu watatu ndio wa kushtakiwa: kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, kujipatia mali kwa udanganyifu, kifungo hadi miaka 3. Na kwa aliyenijibu kwamba sheria ya Uingereza ya 1994 inakataza kuuza tiketi, ile inahusu tiketi za mpira huko kwao.

Niliwaandikia waandaaji. Wakabadilisha jina kwenye tiketi, msimbo wa zamani ukafa, mnunuzi wangu akapata mpya kwenye simu yake kabla hajanitumia M-Pesa. Nilimuuzia kwa bei niliyonunulia. Aliingia bila shida.

Aliyetapeliwa aende Mahakama ya Madai Madogo, inasikiliza madai hadi shilingi 1,000,000. Tafadhali msinyamaze. Asanteni sana.