ROBOTI LA ILE BENKI LITANITIA WAZIMU

Wallahi naandika simu inatetemeka mkononi. Ile benki. Siitaji, mnaijua, ile iliyotuondolea menyu ya bonyeza moja bonyeza mbili, ikatuletea roboti la kupiga nalo soga.

Alfajiri niko sokoni Kongowea, magunia ya vitunguu yashapakiwa mkokotenini. Nahamisha pesa kutoka benki ziingie kwenye simu. Benki imekata, simu haina kitu. Mwenye vitunguu ananikodolea macho. Naliandikia roboti: pesa zimekatwa, hazijafika. Lanambia habari ya asubuhi. Naandika tena. Lanieleza namna ya kumfungulia mtoto akaunti. Naandika kwa herufi kubwa. Sasa sikilizeni: "Nafurahi nimeweza kukusaidia leo! 😊" Likafunga mazungumzo, likataka nyota tano.

Limefurahia nini? Vitunguu vyateremshwa gunia baada ya gunia, soko zima latazama, nalo limefurahi!

Ile menyu ya kubonyeza nyota na reli (* na #) ilifanya kazi hata kwenye kabambe, kile kisimu cha vitufe, bila bando. Haikuwa na salamu wala adabu, lakini haikunichekea. Na kile kiuso. Kile kiuso!

Babu Mtongwe: Bila shaka uliliambia asante. Likisikia asante tu, lajua kazi imekwisha.

Mwenye uzi: Sikulishukuru! Niliandika ASANTENI KWA KUNIIBIA.

Babu Mtongwe: 😂😂😂 Haya.

Kijana wa Tudor: Mimi nalipenda. Menyu ukikosea nambari moja warudi mwanzo, ukizubaa yakatika. Roboti naliuliza salio, napewa.

Mwenye uzi: Salio! Nimechekwa Kongowea nzima wewe waniambia salio!

Mjuaji wa Ganjoni: Haya si mageni. Kulikuwa na ELIZA, programu ya kompyuta ya kupiga soga ya Joseph Weizenbaum, kule chuo cha MIT, Marekani, 1966. Ilichukua maneno yako ikakurudishia kama swali, na watu wakaamini inawaelewa.

Sina Bando: Angalau hiyo ilirudisha maneno. Hii ya benki hairudishi hata pesa.

Mama Mahamri: Mwanangu, afadhali roboti. Mie nimewapigia wale wa intaneti ya nyumbani, wakaniwekea muziki mpaka mahamri yakaungua. Akaja mtu kunijibu, akakata.

Kijana wa Tudor: Wale! Wale hata Ramadhani hawaogopi.

Babu Mtongwe: Nyinyi mna raha. Jana makanga wa matatu kanitoza mia kutoka Buxton hadi Bombolulu, ati mvua. Mvua gani? Jua lawaka mpaka kipara chaniuma.

Sina Bando: Mia?? Na ukakaa kimya mzee wangu?

Babu Mtongwe: Nilikuwa nishapanda, tena nimekalia lile tairi la akiba.

Mwenye uzi: Jamani! Uzi huu ni wa benki! Kile kiuso!

Mama Mahamri: Tumekusikia baba. Hivyo vitunguu gunia ni bei gani siku hizi? Na wewe Babu, hiyo mia ulitoa kweli?