Giaboksi otomatiki inateleza kwenye mwinuko wa Mlima Nyoka

Muulizaji, Mbeya:
Wakuu, habari za jioni. Gari langu la dizeli la mwaka 1996, lenye gia otomatiki, likipanda Mlima Nyoka injini inavuma na mshale wa mizunguko unapanda, lakini mwendo hauongezeki. Asubuhi, likiwa la baridi, halisumbui. Fundi anataka kushusha giaboksi, nianzie wapi?

Mchangiaji, Iringa:
Ndugu, usikubali ishushwe kabla oili yake haijapimwa. Magari mengi hupimwa injini ikiunguruma, giaboksi ikiwa ya moto, gari likiwa mahali tambarare na gia kwenye P (ya kuegesha). Dondoshea tone kwenye kitambaa cheupe: ikiwa nyekundu na safi, kuna matumaini, ikiwa nyeusi, inanuka kuungua na ina chembechembe, sahani za klachi zimelika, na oili mpya haitaziponya.

Mchangiaji, Mafinga:
Naunga mkono. Kagua pia kebo inayotoka kwenye pampu ya dizeli hadi giaboksi, kama gari lako linayo, kwani ikilegea shinikizo la oili ndani ya giaboksi hushuka.

Muulizaji:
Asanteni sana. Oili bado ni nyekundu, ila iko chini ya alama, na bomba linalopeleka oili hiyo kwenye rejeta ipoe linavuja.

Mchangiaji, Iringa:
Badilisha bomba, ongeza oili ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, kisha ujaribu tena mlima huohuo bila mzigo. Mlima mkali wa Kitonga, huku Iringa, usubiri kwanza.