Nataka kuosha injini ya IST, naogopa kuiharibu

MwanaKibaha: Habari za jioni wakuu. Nina Toyota IST, injini yake ni aina ya 1NZ, nimeinunua mkononi mwa mtu. Oili na vumbi vimegandamana juu ya injini mpaka fundi kashindwa kujua inavujia wapi, kaniambia nikaioshe kwanza. Vijana wa kuosha magari wanataka kuipiga maji ya presha. Jirani anasema nitumie petroli. Nyie mnaosha vipi?

UmemeMoro: Petroli sahau kabisa, ndugu yangu. Cheche moja tu na gari linateketea, nawe umeinama juu yake.

Presha nayo ikatae. Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Morogoro, na wengi wanaoniletea gari linalomisi (linalokatakata moto) ghafla, nikiwauliza lilikuwa wapi jana, wananijibu "kuoshwa". Injini yako ina koili nne (ndizo zinazozipa plagi umeme) zimejipanga juu, kila moja imeshikwa na bolti ya spana namba 10. Chini ya kila koili kuna shimo refu, na plagi iko huko chini kabisa. Maji yakiingia humo hayana pa kutokea. Moto wa plagi unakimbilia pembeni kwenye chuma badala ya kuruka nchani, injini inatetemeka, taa ya injini inawaka. Taa hiyo ikianza kuwaka na kuzima, usiendelee kuendesha: petroli isiyoungua inakwenda kuua katalisti, kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi.

Subiri injini ipoe mpaka uweze kuweka kiganja juu ya kava la tapeti (mfuniko wa juu wa injini) bila kukitoa. Chomoa hasi ya betri. Funika altaneta (inayochaji betri), boksi la fyuzi na mdomo wa ea klina, pale injini inapovutia hewa. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2019, kwa hiyo mimi hutumia nailoni inayokuja na godoro jipya, naifunga kwa kipande cha tyubu. Halafu chukua maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo, brashi ya rangi na mswaki wa kuingia kwenye kona. Usimwage maji. Sugua, futa kwa kitambaa kilicholowa, kamua, rudia. Inachosha, lakini hutalipia koili.

Mwisho nenda kwa fundi pancha akupulizie upepo kuzunguka koili, kisha acha boneti wazi juani kwa muda wa saa mbili kabla ya kuwasha.

Nyamagana: Wenye haibridi (gari la petroli na umeme) kama Toyota Aqua, zile waya nene za rangi ya chungwa zina mamia ya volti. Hapo usijaribu mwenyewe, mpelekee anayezijua.

MwanaKibaha: Nimeifanya Jumamosi, saa tatu nzima. Kabla sijawasha nikachomoa koili kuhakikisha. Tatu kavu, ila ya pili kutoka upande wa mkanda ule mpira wake mrefu umelowa. Ndiyo nimeshaingiza maji?

UmemeMoro: Usiwashe bado. Gusa huo unyevu kwa kidole, kisugue na dole gumba. Maji yatapotea, oili itateleza. Kama ni oili, siyo wewe: gasketi ya kava la tapeti imechoka pale kwenye tundu la plagi, na huenda ndiko kunakovuja siku zote.

MwanaKibaha: Inateleza, na ni nyeusi. Kesho naifuata gasketi. Asante sana fundi.