Naomba ushauri: nitajuaje kwamba Mungu ananijua mimi?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Nimeokoka mwaka wa 9 sasa, naimba kwaya, lakini tangu nisome Mathayo 7:23, pale Yesu anapowaambia watu waliomwita Bwana, "Sikuwajua ninyi kamwe," sipati usingizi. Wale walitoa pepo kwa jina lake na bado wakakataliwa. Mimi nisiye na muujiza hata mmoja nitasimama wapi?

Mama mchungaji alinipa Wagalatia 4:9, pale Paulo anapojirekebisha katikati ya maneno: mmemjua Mungu, au zaidi, mmejulikana na Mungu. Nimeuandika mstari huo kwenye karatasi ya daftari, nikaubandika mlangoni mwa jiko. Mchana unanishika. Saa nane usiku, watoto wamelala, hofu inarudi ileile.

Mliopitia hali hii, mlifanyaje mpaka neno likakaa moyoni? Nisaidieni jamani, nimechoka.