Vya kuchezea vimejaa saloni, nyumba ya mbao vyumba viwili, Goma: wazazi wenzangu mnapangaje?

Mama wa Mabanga

Jambo wazazi wenzangu. Niko Mabanga, hapa Goma, nyumba ya mbao: saloni na vyumba viwili. Watoto wangu ni wanne, mkubwa ana miaka kumi, kitinda mimba ndiyo kwanza anatambaa. Tangu mwaka jana tunakaa pia na dada yangu na watoto wake wawili, walikimbia kutoka Masisi. Juu ya hao sina la kulalamika, ni damu yangu. Kinachonishinda ni vitu.

Shemeji yangu aliye Ubelgiji, kila akipata mtu wa kuja, anatuma valizi ya vya kuchezea: magari ya betri, mapupe, wanyama wa manyoya, vipande vya plastiki vya kujengea, sufuria ndogondogo. Wageni nao wakipita Birere hawakosi kuleta kagari kanakowaka taa na kuimba. Vyote vinakaa katika magunia mawili na katoni iliyokwisha kupasuka. Asubuhi watoto wanamwaga magunia katikati ya saloni, wanachezea kimoja au viwili, halafu hao, wameenda nje na chukudu yao, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma kwa mguu. Nyuma yao hata kupita na bido, dumu la maji, ni kazi. Na jioni lazima pawe peupe, sababu saloni ndipo watoto wanne wanapotandika mikeka.

Mama mkwe, ambaye anashinda kwetu mara nyingi, hataki kusikia habari ya kutoa kitu. Kado, yaani zawadi, haitupwi, anasema, mtoto wake ameitolea jasho. Namwelewa. Bwana yangu anataka tununue sanduku kubwa la mbao, lakini sioni litakaa wapi. Naomba ushauri wa watu wanaoishi kama sisi. Picha za nyumba zenye chumba kizima cha michezo nimeziona za kutosha.

Mwalimu wa Himbi

Jambo mama. Nafundisha watoto wa miaka mitatu hadi mitano. Sanduku kubwa usilinunue. Mtoto anayetafuta gari lililo chini kabisa atamwaga kila kitu ili alifikie, awe amepewa gunia au sanduku la bei kali. Anamwaga kwa sababu haoni kilichomo.

Punguza vinavyoonekana kwa wakati mmoja. Vingine vipumzike mahali pa juu, kisha ubadilishe watoto wakianza kuvichoka. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, walitoa uchunguzi juu ya watoto 36 wa miezi 18 hadi 30. Kila mtoto aliachwa acheze mara moja penye vichezeo 4, mara nyingine penye 16. Penye 4 mtoto alidumu na kila kichezeo muda mrefu zaidi, na alikitumia kwa namna nyingi zaidi. Darasani kwangu naona hilohilo kila wiki.

Mahali pa chini pawe pa watoto wenyewe. Maria Montessori alipofungua nyumba yake ya kwanza ya watoto Roma mwaka 1907, katika mtaa wa watu maskini wa San Lorenzo, alikuja kuacha kabati refu lililofungwa na kuweka rafu fupi ambazo mtoto anazifikia mwenyewe. Akiweza kuchukua mwenyewe, ataweza na kurudisha.

Kijana wa Birere

Mama, ngoja walale, jaza gunia moja, peleka mbali. Asubuhi hawatakumbuka hata nusu yake.

Mwalimu wa Himbi

Ndugu yangu, hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Nusu hawatakumbuka, kweli. Lakini kimoja watakikumbuka, na ndicho watakachokulilia. Mtoto aliyeamka akakuta kitu chake hakipo anaanza kuficha vitu chini ya godoro na kukataa mwenzake asivishike. Kilichovunjika kabisa mama akitoe, ndiyo. Kizima kitolewe mtoto akiwa anaona, na ikiwezekana akitoe kwa mkono wake.

Mama wa Kituku

Dada, mimi nina mbinu mbili na zote hazina gharama.

Ya kwanza ni kikwembe, yaani kitenge. Vile vipande vya kujengea visimwagwe chini kavu. Tandika kikwembe cha zamani, watoto wachezee juu yake. Wakimaliza, kamata pembe nne, funga, tundika kwenye msumari. Umemaliza, hakuna anayeinama kuokota kimoja kimoja. Shona ukingo upitishe kamba, hata mdogo wa miaka minne atafunga mwenyewe.

Ya pili ni bido za njano zilizotoboka. Badala ya kuzipigia plastiki ya moto kila mara, kata ya lita 20 kwa ubavu, pata chombo kipana. Pitisha kisu cha moto kwenye ukingo ili usikwaruze mikono. Magari ndani ya moja, wanyama ndani ya nyingine. Wasiojua kusoma wachoree gari au ng'ombe mbele kwa makaa, wataona wenyewe nini kinakaa wapi. Ukipenda kizuri zaidi, vitunga vya mianzi vinapatikana sokoni, lakini anzia na ulicho nacho.

Muuguzi wa Ndosho

Samahani naingilia kwa jambo lingine, maana umesema kuna mtoto anayetambaa na magari yanayowaka taa.

Leo hii, kabla ya kupanga chochote, angalia vichezeo vyote vya betri. Vile vya bei ndogo mara nyingi kifuniko cha betri hakina skurubu, kinafunguka kikianguka mara moja. Ndani kuna betri bapa za mviringo kama kifungo cha shati. Mtoto akimeza moja ikakwama kooni, inaweza kuunguza nyama ya ndani ndani ya saa mbili, na mara nyingine mtoto haoneshi kitu zaidi ya kutoa mate mengi, kukohoa au kukataa kula. Ukishuku amemeza, usimtapishe. Kimbia hospitali, waambie kwa wazi kwamba ni betri. Kifuniko kisicho na skurubu ama ukifunge kwa skochi imara, ama utoe betri kabisa. Gari bila taa bado ni gari.

Kwa vitu vidogo, chukua kile kigogo cha katoni kinachobaki karatasi ya chooni ikiisha. Chochote kinachopenya humo ni kidogo mno kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu. Vipande vya kujengea vya wakubwa vichezewe mdogo akiwa amelala au akiwa mgongoni. Sumaku ndogo ziondoke nyumbani, hapo hakuna mjadala.

Fundi wa Katindo

Jambo mama. Nyumba ya mbao ina nafasi ambayo watu hawaioni. Mbao za nje zimepigiliwa kwenye nguzo, na kati ya nguzo na nguzo, upande wa ndani, kuna kina ambacho hakitumiki. Pigilia vipande vya mbao hapo, kuanzia usawa wa goti la mtoto, na unapata rafu ambazo hazimegi saloni. Magari na wanyama vinaenea vizuri.

Mambo ya kuangalia: msumari uingie kwenye nguzo. Ukiupiga kwenye ubao wa nje utatokea upande wa pili na mvua itapitia hapohapo. Rafu ya juu, ya vinavyopumzika, usiifikishe kwenye mabati, acha nafasi, maana usiku mabati yanatoa jasho na asubuhi linadondoka. Na juu weka vyepesi tu. Hapa kwetu ardhi inatikisika, tusiweke kizito juu ya vichwa vya watoto waliolala.

Papa wa Majengo

Fundi amenikumbusha. Usiku wa 22 Mei 2021 volkano yetu ya Nyiragongo ilipolipuka, wengi tulitoka gizani na watoto mikononi, na siku chache baadaye, tarehe 27, sehemu ya mji ikaamriwa kuhama. Mama, upange utakavyopanga, njia kutoka kwenye mikeka hadi mlangoni ibaki wazi kila usiku. Hilo ndilo ningeanzia kulisimamia.

Kuhusu mama mkwe: mfanye yeye mlinzi wa vinavyopumzika. Bibi ndiye anayetoa na kubadilisha. Watoto wakitaka lile gari jekundu, wanamwendea yeye, wanarudisha kingine. Kado ya mwanawe inakaa mikononi mwake, anaona haidharauliwi. Na shemeji, bwana yako ndiye azungumze naye, ndugu kwa ndugu: watoto wamekua, safari ijayo viatu, madaftari, mpira mmoja wa ngozi. Walio mbali hutuma vya kuchezea kwa sababu hawajui kingine cha kutuma.

Dada wa Sake

Nimesoma yote na nimengoja mtu aulize: wale watoto wawili wa dada yako, katika magunia hayo, chao ni kipi?

Mimi nililelewa kwa mama mdogo baada ya kukimbia. Kulikuwa na vya kuchezea, na tuliruhusiwa kuvigusa, hakuna aliyetunyima. Lakini wenyeji walikuwa na neno "yangu" na sisi hatukuwa nalo. Ndiyo maana nilikuwa namwaga kila kitu chini: kikiwa chini ni cha wote. Kikiwa kwenye katoni ni cha mwenye katoni.

Kabla ya rafu na bido, shona vifuko sita vya kikwembe vya ukubwa mmoja. Kila mtoto achague vitu vyake vichache, na hao wawili wachague kwanza, mbele ya wengine, wewe mwenyewe ukiwaita. Kifuko cha mtu hakiguswi bila ruhusa, hata na mkubwa. Vinavyobaki vyote ni vya nyumba. Watoto wakijua cha mtu ni kipi na cha wote ni kipi, vita vinapungua, na mrundo pia. Gari la waya au mpira wa sashe, mifuko ya plastiki, aliojitengenezea mtoto mwenyewe uingie kwenye kifuko chake kwa heshima ileile ya kado ya Ulaya. Usiseme ni takataka. Huenda ndicho kitu pekee alichotoka nacho kwao.

Mama wa Mabanga

Dada wa Sake, nimesoma maneno yako nikamsomea na dada yangu. Tulikaa kimya wote wawili. Kumbe mkubwa wake ana chukudu ya mbao ya urefu wa mkono, marehemu babu yao aliichonga, na amekuwa akiificha nyuma ya magunia ya makaa.

Tumefanya hivi hadi sasa. Betri zimetoka zote, Muuguzi, na magari mawili yalikuwa wazi kabisa. Vifuko sita vimeshonwa, wapwa zangu wamechagua wa kwanza. Wangu wa miaka saba alinuna, nikakaa naye pembeni, baadaye yeye mwenyewe akamwonyesha binamu yake lile gari linalogeuka. Mama mkwe amekubali ulinzi na tayari ana masharti yake. Kikwembe cha vipande kinafungwa kila jioni. Aksanti sana nyote.

Maswali mawili yamebaki. Wanyama wa manyoya wananuka unyevu, niwafanyeje? Na chukudu kubwa ya watoto, ile ya kuendea dukani, inalala wapi? Ndani inaleta matope meusi, nje itaibwa.

Mama wa Kituku

Manyoya: osha kwa maji ya moto na sabuni, kamua vizuri, anika juani siku ya jua la kweli hadi ndani pakauke. Bonyeza tumbo usikie. Likiwa bado baridi, rudisha juani. Wenye madoa meusi ya ukungu yasiyotoka usiwabakize kwa watoto wanaokohoa. Na wawe wachache, kila mtoto mmoja wa kulala naye, wengine kwa bibi.

Fundi wa Katindo

Chukudu itundike ndani, nyuma ya mlango, gurudumu likitazama juu, kwenye misumari miwili ya inchi sita iliyoingia nguzoni. Chini yake weka kipande cha gunia kipokee matope. Hakikisha mlango bado unafunguka wote. Pima upana kati ya nguzo na nguzo, na urefu kutoka chini hadi kwenye mabati, uniandikie hapa nikukadirie mbao za rafu.